Subira Iliyobandikwa Ukutani

Nimestaafu juzi tu, na mikono yangu bado haijaambiwa. Jumapili iliyopita nilitoa sadaka kanisani hapa Gitothua, na kabla sijarudi kitini nikapiga kofi moja, nikageuza viganja juu na kuvionyesha dari. Mzee wa kanisa aliyeshika kikapu alinitazama vibaya sana. Nyinyi mnaofanya kazi kasino mnajua nilikuwa nafanya nini. Dila, yaani mchezeshaji, akitoka mezani lazima apige kofi na aonyeshe viganja, ili kamera ya juu ione hajabeba kitu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na sasa namwonyesha Mungu kwamba sijamwibia.

Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa zamu ya mchana, jina lake nalihifadhi, alinipigia simu kunijulia hali. Tukaongea mambo ya magoti na bei ya unga, halafu akasema, bila kujua anachokoroga, kwamba lile darasa la wachezaji limerudishwa, na kwamba madila wapya wanafundishwa maneno ya kuwaambia wateja: uwe na subira, jifunze kutokana na makosa yako. Nilimwaga chai. Sikuwa na nguo ya kufutia, nikaiacha ikauke hapo mezani, nikatafuta kalamu.

Kwa hivyo haya nawaandikia nyinyi mliobaki. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Cheo kilikuja kikaenda, na mshahara mnaujua, kwa sababu bado ni ule ule.

Niliingia kasino ya Thika baada ya kiwanda nilichokuwa nashona vifungo kufunga milango. Walitaka watu wenye vidole vyepesi, na mimi vidole ndivyo nilivyokuwa navyo. Tulifundishwa katika chumba cha nyuma, mezani pa kitambaa cha kijani kilichochakaa, na mwalimu wetu alikuwa Bwana Jaswant. Huyu alikuwa Singasinga mzaliwa wa Thika, baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za maji za mashamba ya kahawa. Kikuyu alikisema vizuri kuliko watoto wa dada yangu. Siku ya kwanza hakutufundisha karata wala lile gurudumu la namba la ruleti. Alileta sindano na uzi mweusi, akatuambia tushone mifuko ya suruali zetu, yote, mpaka usiweze kutia hata kidole.

"Dila hana mfuko," akasema. "Ukiwa na leso, iweke nyumbani."

Mimi nilimaliza kwanza, kwa vile sindano nilikuwa naijua. Halafu tukaanza kukata chipsi. Mgeni akisikia chipsi anafikiri viazi, lakini zetu ni vile vibao vya duara vya kuchezea, vya rangi rangi, ambavyo mteja hununua kwenye dirisha la pesa. Unazipanga kwenye kiganja na kuzigawa kwa vidole bila kuzitazama, na vidole vinajua ni ngapi. Bwana Jaswant alitufunga macho kwa skafu ya binti yake. Nilirudi nyumbani nikikata vifuniko vya soda, nikakata biskuti za watoto, mpaka mume wangu akaniuliza kama kazi niliyopata ni ya akili timamu.

Siku yangu ya kwanza mbele ya wateja nililipa safu isiyostahili. Nikaona kosa, nikanyoosha mkono nilirekebishe haraka kabla mtu hajajua. Bwana Jaswant alikuwa nyuma yangu.

"Usiguse," akasema, polepole. "Weka mikono juu ya meza. Niite."

"Lakini uko hapa."

"Niite tu."

Nikamwita, mbele ya watu wote, kwa cheo chake cha ukumbini: inspekta, nimekosea. Akaja kutoka hatua moja nyuma yangu kana kwamba ametoka mjini. Akatazama, akarekebisha, akamwomba mteja radhi, mchezo ukaendelea. Jioni alinikalisha chini akanirudisha kwenye malipo yale yale mpaka nikayachukia. Dau la namba moja tu likishinda kwenye ruleti linalipwa mara thelathini na tano. Ilikuwa hivyo jana, ni hivyo leo, itakuwa hivyo siku ya kiyama. Ndiyo maana kosa langu lilinifunza. Nililolikosea jana nililikuta mahali pale pale kesho yake, likinisubiri. Liwekeni akilini hilo, nitalirudia, na nikilirudia nitakuwa na hasira.

Kitu kingine alichonifundisha ni pimamaji. Mnalifahamu, kile kipande cha chuma chenye kichupa cha maji na povu ndani, ambacho fundi wa ujenzi hukiweka juu ya ukuta kuona kama umelala. Kila asubuhi kabla ya wateja, Bwana Jaswant alipangusa gurudumu la ruleti kwa kitambaa laini, akaweka pimamaji juu yake, akazungusha skrubu za chini mpaka povu likakaa katikati. Nilimuuliza mbona anajisumbua kila siku.

"Gurudumu likilala upande," akasema, "mpira utapenda upande huo. Mtu mwenye subira akikaa hapa wiki nzima ataona namba zinazorudi. Atajifunza. Atatufungisha duka." Akafuta skrubu mafuta. "Sisi tunahakikisha kila asubuhi kwamba hakuna cha kujifunza."

Alisema bila kujivuna na bila aibu, kama fundi wa pampu. Na sikuona ubaya, kwa sababu hatukuwa tunadanganya mtu. Wateja wetu walijua wamekuja kupoteza jioni: wenye maduka ya nguo, madereva wa malori, wazee wa kahawa siku ya malipo. Bwana Jaswant alizoea kumgusa mteja bega na kumwambia, "Mzee, nyumbani wamepika." Wengine walikasirika, wengi waliondoka. Alipostaafu kwenda kukaa kwa binti yake aliniachia lile pimamaji, limefungwa kwenye skafu ile ile. Sijawahi kupewa kitu na mkubwa wa kazi nikakithamini hivyo, na hivi karibuni, mtaona, nilipewa kingine.

Baada yake akaja Meneja Kibe. Alitoka kwenye mahoteli, mtu wa kunukia vizuri na kutuita familia. Ukiitwa familia kazini, mwanangu, shika mkoba wako. Alikuta ukumbi usio na dirisha wala saa, kama kasino zote, na hayo akayaacha. Alichoongeza ni vitu viwili. Cha kwanza ni ule ubao wa taa kando ya meza ya ruleti unaoonyesha namba zilizotoka, nyekundu kwa nyeusi, ili mteja aketi azisome kama anasoma gazeti. Cha pili ni picha kubwa ya papai lililoiva, na chini yake: MVUMILIVU HULA MBIVU. Kwenye njia ya choo akabandika nyingine: KOSA SI KOSA, KOSA NI KURUDIA KOSA.

Mama yangu alikuwa akisema mvumilivu hula mbivu tulipokuwa tunafukua shimo la ndizi kabla hazijaiva. Alimaanisha ndizi. Ndizi ukiifukia na kungoja, inaiva, hakuna ndizi iliyowahi kuamua vinginevyo. Methali za mama zetu hazikutungwa zibandikwe hapo. Waliziiba, na kwa sababu methali haina mwenyewe, hakuna wa kwenda kushtaki.

Na tazama ujeuri wenyewe. Asubuhi mimi nanyoosha gurudumu kwa pimamaji ili jana ifutike kabisa. Mchana meneja anamwambia mteja aitazame jana kwenye ubao ajifunze. Nilimwambia Kibe hivyo hivyo, ofisini kwake, kwa heshima zote.

"Mama Shiku," akanijibu, "watu wanapenda matumaini. Wewe zungusha tu."

Sasa niwaambie habari za Kamande, kwa maana bila yeye pengine ningestaafu kimya kimya.

Kamande ni jirani yangu hapa Gitothua, Ruiru. Sisi humwita Baba Njoki. Yeye na mkewe wana kinu cha posho kwenye kona, cha mota ya umeme, na mtaa wote unajua mlio wake. Asubuhi akina mama wanaleta mahindi, kinu kinanguruma. Jioni wakitoka vibaruani wanaleta tena, kinanguruma. Katikati, kuanzia saa nane mchana, hakuna mtu. Hapo ndipo Kamande alipokuwa akijifuta unga, anavaa koti, anapanda gari kwenda Thika.

Siku ya kwanza kuketi mezani kwangu alishtuka. "Kumbe ni wewe uko huku?"

"Ni mimi, Baba Njoki. Habari ya nyumbani?"

Kuna sheria, na ni sheria nzuri: jirani au ndugu akiketi mezani kwako, unamjulisha mkubwa na unahamishwa meza. Nikamjulisha Kibe. Alicheka.

"Mama Shiku, kutoka Ruiru mpaka Thika sisi wote ni majirani. Tukifuata hiyo, nani atacheza? Halafu huyo akikuona anatulia. Kaa hapo."

Nikakaa hapo. Kamande naye akatulia kweli, kila siku saa nane na nusu, kiti kile kile, macho kwenye ubao. Msidhani alikuwa mjinga. Huyu ni mtu anayesikiliza mota akakuambia beringi ipi imechoka. Alileta masikio yale yale na akili ile ile kwenye ruleti, na hapo ndipo alipoumia. Alizoea mashine yenye sababu.

"Nyeusi imelala sana," ananiambia. "Lazima iamke."

Mimi siruhusiwi kujibu. Dila anasema wekeni, anasema basi, anasema namba. Kibe ndiye alikuwa akipita, anamgonga mgongo, anamwambia, "Mzee Kamande, wewe una nidhamu. Shida yako ni moja, unaondoka mapema. Subira ni mtaji." Nilisikia kwa masikio yangu. Subira ni mtaji. Nilitamani kumtupia gurudumu, lakini lina uzito.

Kisha kinu kikaanza kunyamaza asubuhi. Mkanda ulikatika, siku zikapita bila kununuliwa mwingine. Akina mama wakaanza kubeba mahindi mpaka Mugutha. Jumatano moja nilikuwa mapumziko, nikapita kwenye kona na debe langu, nikamkuta Mama Njoki ameketi juu ya gunia tupu mlangoni.

"Kinu hakisagi," akasema kabla sijasalimia.

"Baba Njoki yuko wapi?"

"Kwani wewe ndiye wa kuniuliza?" Hakupandisha sauti. "Anasema wewe ndiye humchezesha. Sikulaumu, Mama Shiku, kazi ni kazi. Lakini amepata mnunuzi kutoka mtaa wa Kahawa Wendani, mtu wa nyumba za wanafunzi. Anataka kuvunja hapa ajenge vyumba. Jumatatu wanaenda kwa wakili."

"Na wewe umekubali?"

"Hii mota nilichuma kahawa ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi ndiyo tukainunua. Unajua ananiambia nini? Ati shida yake si kucheza. Ati shida ni hajakuwa na pesa za kutosha za kumwezesha kungoja. Akiuza kinu atakuwa na subira ya kutosha." Akanitazama usoni. "Nani amemfundisha hiyo maneno? Kwa maana hakutoka nayo hapa."

Nilijua ni nani. Nilirudi nyumbani na mahindi yangu, nikayaweka chini.

Ijumaa Kibe akaniita ofisini akitabasamu. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, kungekuwa na darasa la bure la wachezaji, chai na mandazi, kabla ya milango kufunguliwa. Kichwa cha somo kilikuwa Subira na Kujifunza kutokana na Makosa. Na kwa kuwa mimi ndiye dila mkongwe na wateja wananiamini, mimi ndiye mwalimu. Akanipa karatasi ya maneno ya kusoma.

"Sema kama ilivyo," akaniambia. "Usiongeze chumvi."

Wanafunzi wangu walikuwa watano. Mama mmoja mwenye duka la misumari na mabati, mwalimu mstaafu, vijana wawili wa bodaboda, na mbele kabisa, amenyoa ndevu kama anaenda arusini, Kamande. Kibe alisimama nyuma na kikombe chake. Nilianza kusoma shingo upande. Mchezaji mzuri hana haraka. Mchezaji mzuri hujiuliza, nilikosea wapi? Mchezaji mzuri hutenga muda wa kutosha. Watu waliitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Kamande akainua mkono.

"Mwalimu," akaniita, mimi ninayekopa chumvi kwao. "Mimi subira nimekuwa nayo. Sinywi nikicheza. Sichezi nikiwa na hasira. Ubao nimeusoma. Sasa niambie kosa langu ni lipi, nilirekebishe kabla ya Jumatatu."

Karatasi ilikuwa na jibu la swali hilo. Nililiona kwa macho, mstari wa chini. Nikaikunja karatasi nikatafuta mfuko wa kuitia, na mifuko yangu, mnajua, imeshonwa. Nikaiweka chini ya sahani ya mandazi. Nikaenda kwenye kabati la nyuma ya meza nikafungua skafu ya Bwana Jaswant.

"Baba Njoki, hii ni nini?"

"Si pimamaji."

"Wewe hulitumia wapi?"

"Nikifunga mota. Mota ikilala, mkanda unatoka."

"Njoo uliweke hapa." Nikaondoa kifuniko cha gurudumu.

Alikuja na mikono ya fundi, akaliweka taratibu, akainama kutazama povu. Lilikuwa katikati kabisa. Akaligeuza upande mwingine. Katikati. Akapitisha kidole chini, akazigusa zile skrubu, akazielewa papo hapo. Niliona uso wake ukibadilika kabla hajasema neno.

"Mnalinyoosha lini?"

"Kila asubuhi, kabla hamjaingia."

"Kila asubuhi?"

"Hata leo."

Akainua macho kwenye ubao wa taa, halafu akayarudisha kwenye povu. "Kwa hivyo hizo namba pale juu..."

"Ni za jana. Gurudumu halizijui. Kazi yangu ya kwanza hapa kila siku ni kuhakikisha halizijui."

Kibe alicheka nyuma, kicheko cha kutuliza watu. "Mama Shiku anatuchekesha kidogo. Lakini mchezaji mwenye nidhamu..."

"Bado sijamaliza kujibu swali," nikasema. "Baba Njoki, kinu kikikukosea unajua kimekosea wapi, unarekebisha, kesho kinasaga. Hilo ni kosa lenye mwalimu. Huku hukukosea namba. Hukukosea rangi. Hukuondoka mapema. Ulikosea mlango. Mengine yote uliyafanya sawasawa, na ndiyo maana yamekumaliza."

Hakuna aliyetafuna. Nikaona kwa kuwa nimeshafika hapo, nimalize. Nikawaambia jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi wala kwenye ukuta wowote: kwamba mchezaji akiomba mwenyewe asiruhusiwe kuingia tena, bawabu anapewa picha yake, na mlango haumfungukii. Mke hawezi kumwombea, wala pasta. Ni yeye mwenyewe aseme.

"Hayo ni mambo ya ofisini," Kibe akasema. Hakuwa anatabasamu tena. "Mzee Kamande, tutaongea pale kwangu, pole pole."

Kamande alisimama hapo na pimamaji mkononi. Kola yake bado ilikuwa na unga wa zamani, hata siku ile aliyonyoa. Mimi nilikuwa naomba Mungu asiende ofisini, kwa maana nilijua akiingia kwenye kile kiti laini atatoka na kuponi ya kuchezea.

"Tuongelee hapa," akasema. "Meneja, nipige picha. Sitaki kufunguliwa mlango tena."

Kibe akatazama wale wengine wanne wanaomtazama, akatoa simu yake, akampiga picha. Hakuwa na la kufanya mbele ya watu. Mkono wake ulikuwa mzito sana kwa mtu aliyependa familia.

Msingoje niwaambie kwamba Kamande alinishukuru. Alinirudishia pimamaji, akasema kwa sauti ya chini, "Siku zote hizo ulikuwa unajua, na ulikuwa unazungusha." Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nazungusha, na kinywa changu kilikuwa kimeshonwa pamoja na mifuko. Akavaa kofia akaondoka. Wale wanne walimaliza mandazi, wakangoja milango ifunguliwe, wakaketi kucheza. Mwalimu mstaafu alichagua kiti cha Kamande, alisema kinaonyesha ubao vizuri. Nawaambia haya ili msije mkadhani ukweli ukisemwa mara moja unatosha.

Jumatatu nilikuwa naondoka nyumbani kwenda kazini. Sikuuliza mtu chochote. Nilipofika karibu na kona nikausikia, kwanza ukikohoa, halafu ukishika kasi, mlio wa kinu. Kamande alikuwa amepiga goti kando ya mota, mkanda mpya, spana mdomoni. Mama Njoki alikuwa mlangoni amefunga kanga kiunoni kama mtu anayengoja vita. Alinitazama tu, akachukua debe la mwanamke aliyekuwa mbele akamimina mahindi. Yule mtu wa Wendani nasikia aliketi kwa wakili mpaka mchana, akaenda zake.

Kibe naye hakunifukuza. Kufukuza dila mkongwe kuna maswali. Alinipumzisha, ndilo neno alilotumia, kutoka mezani, nikapelekwa nyuma kuosha chipsi. Wengi wenu hamjui kwamba chipsi huoshwa. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, moja moja, kwa brashi ya kucha, kisha unazianika juu ya taulo kwa rangi zake. Usitumie maji moto sana, chapa ya katikati inabanduka. Karai la kwanza hutoka rangi ya chai ya rangi. Ni jasho la watu hilo. Kila siku niliosha jasho la watu walioambiwa wawe na subira, nikalimwaga kwenye bomba la maji taka, na kesho yake likawa limerudi. Nilistaafu nikitoka kwenye karai, na sijutii hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba darasa liliachwa kwa muda tu, mpaka mimi niondoke.

Siku ya kuniaga walikata keki. Kibe akahutubia, akanisifu kwa uvumilivu wangu, nikamwacha amalize. Halafu akanikabidhi zawadi kutoka kwa familia, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nilifungua mbele yao. Ilikuwa saa ya ukutani. Miaka yote hiyo hawakuweka saa kwenye ule ukumbi, ili mtu asijue jua limetua na watoto hawajala, na siku ninayotoka wananipa saa. Nikapiga kofi, nikaonyesha viganja juu kwa kamera, nikaibeba kwapani nikaondoka. Walicheka, walidhani ni mzaha.

Sikutaka kuiona nyumbani kwangu. Niliipeleka kwenye kona. Tangu ile Jumamosi mimi na Kamande tulikuwa watu wa habari ya asubuhi tu, basi. Alikuwa peke yake, anasugua jiwe la kinu. Nikamwambia nimepewa saa huko, siitaki, labda hapa itafaa watu wajue foleni.

Aliipokea, akaipangusa kwa kiwiko, akatafuta msumari. Alipomaliza kuitundika alirudi nyuma akaitazama. Akaitoa tena, akaleta pimamaji lake, akainyoosha.

"Ni ya huko kweli?"

"Ni ya huko."

"Huko hakukuwa na saa, lakini mimi nilikuwa najua." Akaonyesha kwa kidole chenye unga. "Ni pale. Saa nane. Asubuhi niko sawa, Mama Shiku. Jioni niko sawa. Lakini hapo, watu wakiisha na mota ikizima, miguu inaanza kutafuta stendi. Mpaka leo. Mama Njoki anajua, huwa anapika chai hapo hapo mlangoni, ananizibia njia na jiko." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ile. "Wewe ulisema ni kosa la mlango. Huo mlango bado naukumbuka."

Nilitoka nikaenda nyumbani. Mahindi nilikuwa nayo, ya kusaga kesho asubuhi. Nikayabeba kichwani nikarudi. Saa ilikuwa inakaribia nane. Kamande aliniona nikija, akaona debe, akaona saa, akageuka haraka kuwasha mota. Siku iliyofuata nilimwambia jirani, na jirani akamwambia wa kwake, bila kueleza sana. Akina mama wa Gitothua hawahitaji kuelezwa sana.

Hiyo ndiyo subira niliyoiona kwa macho yangu, na haijabandikwa ukuta wowote. Kwa hivyo nyinyi wa zamu, mkipata siku ya mapumziko mkaja kunitembelea, njooni na mahindi, hata kama ni kidogo. Lakini msiyalete asubuhi. Leteni saa nane.